Kofia ya Mzee Gelasius

Nyumbani kwangu kuna msumari wa kofia. Ukitaka kofia ya kampuni ya bima, ipo. Ukitaka ya mkutano wa wahasibu, ipo. Ya kiwanda cha rangi nayo ipo, ila kuku ameshatagia ndani. Zote hizo ni shukrani za wageni ninaowatembeza mto Ugalla wakija kuvua kwa ndoano. Mtu anakaa kwenye mtumbwi wangu kutwa nzima, namkwepesha viboko, namchomoa ndoano kwenye suruali yake mwenyewe, halafu jioni ananishika bega, anaivua kofia kichwani, ananivika. Basi hapo mimi natakiwa nifurahi.

Mke wangu, Pudensiana, alishaacha kuzicheka. Binti yetu Scolastica amechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni kule Inyonga, na Jumatatu anatakiwa kuripoti. Kitanda atakikuta, godoro anakwenda nalo. Mshahara wangu wa kambi ya wageni uliishia kwenye sare na nauli. Godoro peke yake ndilo lilibaki, na lilikuwa linamnyima mama yake usingizi.

"Baba Scola," akaniambia Ijumaa asubuhi nikiwa natoka, "leo ukirudi na kofia, mtoto atalalia kofia. Nitazishona zote pamoja."

Hakuwa anatania.

"Na mgeni akikuuliza mnapewaga ngapi, taja. Mdomo unao."

Nikamwambia nimesikia. Kusikia sijawahi kushindwa.

Mgeni wa siku hiyo alikuwa Mzee Gelasius, Mfipa aliyeondoka Sumbawanga miaka hiyo akahamia Dar es Salaam, huko akanenepa na kununua gari lenye friji ndani. Alikuwa njiani kwenda Mpanda mjini. Kesho yake alitakiwa kujitambulisha kwa wazazi wa binti anayeolewa na mwanawe, na alitaka afike na samaki mkubwa aliyemvua kwa mkono wake. Dereva wake, Yohani, alinieleza hayo yote kabla mzee hajashuka kwenye gari. Dereva wa tajiri huwa hana siri.

"Unaitwa nani?" mzee akaniuliza.

"Nkwabi."

"Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi."

"Basi wewe ni mtani wangu."

Kuanzia hapo jina langu likafa. Ni kweli Mfipa na Mnyamwezi ni watani. Anaweza kukutukana, anaweza kubeba kitu chako mbele ya macho yako, na ukinuna umeshindwa wewe. Mimi utani naupenda sana. Ninayemwogopa ni mtani mwenye hela, maana utani wake huamka vizuri zaidi inapofika saa ya kutoa.

Tukaingia mtoni. Alitupa ndoano ikanasa kwenye matete, akasema mtumbwi umekaa vibaya. Akatupa tena ikanasa kwenye shati langu, akasema nimekaa vibaya mimi. Nikamwomba radhi kwa shati langu. Baadaye akachoka, akaomba chai kutoka kwenye chupa yangu, akanywa kikombe changu, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayejali:

"Hivi mtani, nyie watu wa huku mnapewaga ngapi na wageni?"

Mlango ndio huo umefunguliwa. Nikamwona Pudensiana, nikaliona godoro, nikafungua mdomo.

"Aa, ni moyo wako tu, mzee."

Sijui maneno hayo yanatokaga wapi. Nimeyasema maisha yangu yote na hayajawahi kunilisha. Mzee akafurahi mno. Akanieleza kwamba Afrika Kusini mtu anatoa asilimia kumi, Wamarekani wanatoa mpaka inakuwa ugonjwa, na Wajapani hawatoi kabisa na bado wanaheshimiana. Yeye binafsi alikuwa upande wa Wajapani. Alisema bakshishi inaharibu watu, mtu akishaonjeshwa anaacha kujituma. Aliyasema hayo huku akinipa kikombe nimwongezee chai.

Mchana kambare akaja. Nisijisifu, samaki hawanisikilizi mimi, huyu alijileta. Mzee alivuta akipiga kelele za kila namna, na mimi nikamshika mkanda kwa nyuma asije akawafuata mamba. Tulipomwingiza mtumbwini alikuwa na urefu wa mguu wangu, kichwa kipana, mdomo umechanika upande wa kulia ndoano ilipopita. Nilipiga picha kwa simu yake. Nikaambiwa nichuchumae ili samaki aonekane mkubwa zaidi, nikachuchumaa. Tulipofika kwenye kichuguu ambako mtandao unashika, mzee akaituma kwa wakwe zake wa Mpanda na maneno haya: nakuja naye.

Jioni tukafika ufukweni. Yohani alikuwa ameegemea gari. Mzee akajinyoosha, akanishika bega, na mkono ule niliujua.

"Mtani," akasema, "mimi na wewe tukianza kupeana hela tutakuwa tumevunja utani wa mababu. Siwezi kukudharau hivyo."

Akaivua kofia yake. Ilikuwa ya bluu, imeandikwa kwa uzi mwekundu SEMINA YA UONGOZI BORA, na ilikuwa imelowa jasho mpaka ukingoni. Akanivika.

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto. Siku nzima nimekaa juani, chai yangu imekwisha, mtoto anaripoti Jumatatu, na mimi nimesimama pale na jasho la mtu mwingine linanitiririka usoni. Ila mtani hanuni. Nikacheka.

"Ahsante sana, mtani. Na mimi nisikudharau."

Nikainama, nikamnyanyua kambare kwenye beseni, nikamtia kwenye kiroba changu, nikafunga kamba. "Kitoweo changu hiki. Mababu watafurahi."

Yohani alicheka mpaka akashika tairi. Mzee alinitazama, akamtazama dereva wake, na nikaona anatafuta namna ya kununa asiipate.

"Chukua, chukua," akasema, anacheka kwa meno tu. "Samaki wamejaa mjini."

Akaenda jikoni kambini kula kuku aliyeagiza. Mimi nikapanda bodaboda.

Nyumba yetu iko kandokando ya barabara ya kwenda Mpanda. Nilimkabidhi Pudensiana kiroba, nikaitundika kofia msumarini mwenyewe kabla hajasema, nikamsimulia yote. Nilitegemea matusi. Yeye aliitazama ile kofia, akaniuliza swali moja tu.

"Hiyo picha ameshaituma?"

"Ameshaituma."

Akanawa mikono. Akatandika majani ya mgomba kwenye beseni, akamlaza kambare juu yake, upande wa kulia ukitazama barabara. Akachukua kigoda.

"Wewe kaa ndani," akasema. "Kukiwa na bei, kinywa chako sikihitaji."

Nikakaa nyuma ya pazia la mlango. Gari la mzee lilipita, likafunga breki huko mbele, likarudi kinyumenyume. Kioo kikashuka.

"Mama, habari za hapa?"

"Nzuri, baba. Karibu kambare."

Mzee Gelasius alishuka. Akamzunguka samaki. Kambare ni kiumbe kigumu, bado alikuwa anafunua mdomo.

"Mbona mdomo umechanika hapa kulia?"

"Huyo ni wa ndoano, baba. Mvuvi wake alikuwa hajui kuvuta."

Nikasikia Yohani akikohoa ndani ya gari.

"Unamuuza ngapi?"

Pudensiana akataja. Mimi mwenyewe nyuma ya pazia nilishtuka, maana ilikuwa bei ya godoro, na si lile jembamba, ilikuwa lile zuri lenye maua.

"Mama, unaniuzia samaki au ng'ombe?"

"Mjini wamejaa, baba. Barabara ndiyo hiyo."

Hilo neno mzee alilijua, sema hakukumbuka vizuri alilisikia kwa nani. Akataja nusu yake. Pudensiana akafukuza nzi. Mzee akaongeza kidogo. Pudensiana akamsalimia jirani aliyekuwa anapita na mbuzi, akaulizia hali ya mguu wa mama yake, wakazungumza.

"Mzee," Yohani akasema kutoka kwenye gari, taratibu kabisa, "wale wadogo wa sokoni hawatafanana na picha."

Mzee akatoa pochi. Alilipa yote, noti kwa noti, kama anang'olewa meno. Yohani akashuka kumpakia kambare kwenye ndoo. Hapo ilitakiwa iwe imekwisha. Lakini mzee ni Mtanzania, amenunua kitu, na hakuna Mtanzania anayeondoka kwenye beseni la mtu hivihivi.

"Haya mama, na nyongeza yangu iko wapi?"

"Kweli, baba. Nyongeza lazima."

Pudensiana akainuka. Akaingia ndani, akanipita bila kunitazama, akaenda moja kwa moja kwenye msumari. Akatoka nayo mkononi, imelowa vilevile, akaiweka juu ya kambare.

"Mume wangu alipewa leo na mgeni mmoja wa heshima. Tumekosa kingine, baba. Ni moyo wetu tu."

Mzee aliisoma kofia kana kwamba haijui. SEMINA YA UONGOZI BORA. Kisha akalitazama pazia, na mimi nikalitazama pazia kwa upande wangu.

"Mtani," akaita.

"Naam, mzee."

"Nimekusikia."

Hakununa, na kwa hilo namheshimu. Aliichukua kofia kutoka juu ya samaki, akaikung'uta, akaivaa, akapanda gari. Vumbi lilipotulia, Pudensiana alikuwa ameshafunga hela kwenye pindo la kanga, mafundo mawili.

"Sasa, Baba Scola. Mgeni mwingine akikuuliza mnapewaga ngapi, utamjibu nini?"

Nikafikiri. Nilitaka kweli kumfurahisha.

"Nitamwambia ni moyo wake tu."



"Hapana," akasema. "Mwambie apitie kwangu."