Kiti cha Pili cha Mzee Povu

Wazee wengine wakijiwa na mposaji huuliza kazi yake, ukoo wake, na kama anakoroma. Mzee Povu hakuuliza kitu. Alikaa kwenye kiti chake cha kunyolea, akaegemea, akafumba macho na kusema, "Haya, ninyoe."

Alikuwa kinyozi wa ndevu wa mtindo wa zamani: sabuni ngumu kwenye bakuli la mti, brashi ya manyoya, maji ya moto, na zile mashine za shaba ambazo ukizungusha mpini kichwa kinafunguka milango miwili, unalaza wembe katikati, unafunga. Mashine za umeme alisema ni za kufyekea viwanja vya mpira. Za plastiki hakuzisemea kitu; alizitazama tu kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja mikono mitupu na njaa tele.

Sheria za posa yake mtaa mzima ulizijua. Mzee anaziacha ndevu wiki nzima mpaka ziwe msasa. Mposaji anakuja mchana kweupe, mbele ya benchi la wateja, anapiga povu mwenyewe na kunyoa mwenyewe. Tone la damu likionekana, posa imekufa na marehemu harudi tena dukani, hata kwa kunyolewa. Lisipoonekana, mzee anapakwa shabu, lile jiwe jeupe la vinyozi la kukaushia damu, likiwa limeloweshwa maji. Shabu huchoma kila ngozi ilipochubuka, hata pale jicho lisipoona kitu. Mzee akikunja uso, posa imekufa vilevile, ila tu imekufa kistaarabu. Atakayefaulu anapewa vitu viwili kwa mpigo: binti yake, na kiti cha pili cha duka.

Kiti hicho kilikaa kando ya cha kwanza, kimefunikwa shuka, tangu mshirika wa mzee alipofariki. Hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Mwalimu wa mazoezi alijaribu kukipata akashindwa, dereva wa lori akashindwa, na mpishi wa hoteli, aliyejisifu kwamba anamenya nyanya huku amefumba macho, alitolewa nje, brashi yake ikimfuata kisogoni.

Wa nne alikuwa Fundi Saa.

Huyu alikuwa na kibanda cha kutengeneza saa mkabala na duka, na mikono iliyozoea vitu vidogo kuliko chawa. Kiti cha pili hakukitaka hata kwa dawa. Alimtaka binti. Binti huyo watu walimwita Dada Taulo, kwa sababu kazi yake dukani ilikuwa kuchemsha taulo, kuzikamua na kuzifikisha kwenye mashavu ya wateja zikiwa bado zinafuka mvuke. Siku moja alimletea fundi saa ya ukutani ya duka. Fundi, badala ya kuitengeneza ovyo ili arudi tena kesho, kama mwanamume mwenye akili angefanya, aliitengeneza ikapona kabisa. Basi ikabidi yeye ndiye awe anakwenda, kila wiki, kunyolewa ndevu ambazo zingetosha kujaza kijiko cha chai.

Mzee alimnyoa. Mara mbili tatu alimchana kidogo, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, jambo alilolificha kwa kupiga povu muda mrefu na kupiga hadithi muda mrefu zaidi. Fundi alijifuta damu kimya kimya na kusema kanyolewa vizuri. Mapenzi yana gharama zake.

Kabla ya siku ya mtihani, Dada Taulo alimwita uani, kwenye sufuria ya taulo.

"Umejiandaa?"

"Nimepata mashine kwenye sanduku la vyuma chakavu," alisema fundi. "Ilikuwa imekufa kutu. Nimeinyoosha milango, nimeisugua, sasa inafunga bila sauti. Nimejinyolea miezi, mpaka jirani kaniuliza kama nina upele."

Dada Taulo aliipokea, akazungusha mpini, akaitazama ikifunguka na kufunga. Aliizungusha tena. Kisha akamrudishia polepole, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.

"Nikwambie siri," alisema. "Baba alipofanyiwa operesheni ya macho, mimi ndiye niliyemnyoa. Mwezi mzima, mlango umefungwa, pazia limeshushwa. Aliniapisha nisiseme."

"Kwa nini?"

"Kinyozi anyolewe na binti yake? Angekufa kabla macho hayajapona. Anasema mkono wa mwanamke ni wa taulo." Alichovya mti kwenye sufuria, akageuza taulo. "Kwa hiyo uso ule naujua. Kwingine kote ni uso wa kawaida. Pabaya ni hapa."

Akamgusa fundi chini ya taya la kushoto. Fundi, ambaye hakuwahi kuguswa hapo na mtu asiyemtoza, alisikia nusu ya maneno yaliyofuata. Lakini nusu hiyo aliishika vizuri.

"Ndevu zinazunguka hapa kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki. Wote waliokutangulia walikatia hapa. Ukipapasa, kidole kitakwambia zinaota kupanda. Usikiamini, kuna kovu la zamani linalodanganya. Zinashuka. Anzia kwenye taya, teremka mpaka kooni, mkono mmoja, usisite. Ukisita umekwisha."

"Na wale wenzangu hukuwaambia?"

"Wale walikuwa wenzako, hawakuwa wangu."

Kwa jibu hilo fundi angenyoa hata simba. Akiwa anatoka kupitia dukani alimwona Dada Taulo ameshatangulia, akifuta vumbi kwenye kiti cha pili, shuka limefunuliwa, anasugua mikono ya kiti mpaka inang'aa.

"Hicho hakikaliwi na mtu, unakisugulia nini?"

"Kina vumbi," alisema Dada Taulo.

Siku yenyewe benchi lilijaa. Walikuja hata wasio na ndevu. Mbele kabisa alikaa mshona viatu, Kiatu, ambaye hakunyolewa hapo kamwe lakini hakukosa msiba wa mtu.

"Fundi, umeacha wosia?" aliuliza.

"Nimekuachia deni la soli."

"Hiyo siyo soli, hiyo ni huruma niliyoigundisha kwa gundi."

Mzee Povu alifumba macho. "Mkimaliza kuchekana, mimi bado nina ndevu."

Fundi alianza. Aliloweka brashi, akaikung'uta, akaizungusha kwenye sabuni, akaongeza maji kwa matone, mpaka povu likawa zito na kusimama lenyewe. Mzee alifungua jicho moja, akalitazama povu, akalifumba bila neno, na waliomjua walijua hilo lilikuwa neno kubwa. Dada Taulo alileta taulo ya moto, akaibandika usoni kwa baba yake, akaiondoa, na hakumtazama fundi hata mara moja. Fundi alidhani ni haya.

Shavu la kulia lilikwenda kama barabara mpya. Mashine ilikuwa inakwaruza kwa sauti ndogo, ile sauti tamu ya ndevu zinazokatika bila ugomvi. Kidevu kikaisha, juu ya mdomo pakaisha. Kiatu alianza kuonekana mnyonge, kama mtu aliyelipia sinema ya vita akaonyeshwa mapishi.

"Huyu atapita," alinong'ona mtu nyuma.

Fundi akafika shavu la kushoto, akalimaliza, akateremka kwenye taya. Hapo alitua. Mazoea ya kazi yake yalimpeleka kidole kabla hajafikiri: kilipapasa kushuka, kikakwama, kilipapasa kupanda, kikateleza. Ndevu zilikuwa zinapanda. Hakukuwa na kovu. Kidole kilichoweza kujua kijino kimoja cha gurudumu la saa kimelika hakikuwa na shaka hata chembe.

Akainua macho. Dada Taulo alikuwa amesimama karibu na kiti cha pili, taulo mkononi, anamtazama sasa. Akateremsha kidevu kidogo, mara moja, kumwambia: teremka.

Mtu akipenda huwa anachagua wa kumwamini, na fundi alichagua. Akavuta ngozi, akaweka mashine kwenye taya, akateremka mkono mmoja, bila kusita.

Mzee Povu hakupiga kelele. Alivuta tu pumzi kwa pua. Povu lililobaki shingoni likageuka waridi, halafu jekundu, halafu likaanza kuteremka kwenye kola, na fundi akanyakua taulo iliyokuwa begani kwa mzee kulifuta.

"Marehemu," alisema Kiatu, na benchi likalipuka.

Kilichomuuma fundi zaidi hakikuwa kicheko. Alimtazama Dada Taulo ili apate macho ya mtu aliyekosea, yanayosema samahani, kumbe zilikuwa zinapanda. Hayakuwapo. Yalikuwapo macho ya mtu anayengoja zamu yake.

"Toka," alisema Mzee Povu, akikaa wima. "Mashine nzuri, povu zuri, mkono mzuri. Akili hamna. Nani alikwambia ushuke?"

Fundi alifungua mdomo. Jibu lilikuwa limesimama hatua mbili kutoka kwake, limeshika taulo. Akaufunga.

"Nimekosea, Mzee."

"Hilo tunaliona," alisema Kiatu. "Linadondoka."

Sasa ikabaki shingo, nusu yake ina povu, nusu ina damu. Mzee alijitazama kwenye kioo. Hakuna kinyozi anayekaa mbele ya wateja wake na uso nusu. Akaichukua mashine kutoka mkononi mwa fundi, akainua kidevu, akaisogeza shingoni.

Mkono ukatetemeka.

Mzee akaushusha, akacheka kidogo, akasema maji yamepoa. Akauinua tena. Ulitetemeka zaidi. Mtu mmoja nyuma alikohoa. Wote walikuwa wanauona, na wengi wao walikuwa wamewahi kuutolea shingo zao, na ilionekana jinsi kila mmoja anavyojipapasa koo kwa hesabu ya nyuma.

Dada Taulo angeweza kumpokea mashine hapo hapo. Hakumpokea. Alimwacha. Fundi alimtazama akimwacha: ametulia, amekunja taulo mkononi, anampa kila mtu kwenye benchi nafasi ya kuangalia vizuri. Mzee alijigusa na wembe, akajichana chini kidogo ya pale alipochanwa, akabaki ameushika mpini kwa mikono miwili kama mtoto aliyeshika kikombe kikubwa.

Hapo ndipo aliposogea. "Lete, baba."

"Nenda kwenye taulo zako."

"Lete, baba. Hawa wana kazi zao."

Alisema kwa sauti ya upole kabisa, ndiyo maana ilikata vile. Mzee alilitazama benchi. Hata Kiatu alikuwa anaangalia viatu. Akaachia mpini.

Dada Taulo aliisuuza mashine, akapiga povu upya, akapaka. Akamgeuza baba yake kichwa kwa vidole viwili, akaweka mashine kooni, akapandisha kuelekea sikioni. Mara moja. Mara ya pili. Akakwepa michubuko kama mtu anayeikwepa milango ya nyumba yake gizani. Alipomaliza alilowesha shabu, akaipitisha uso mzima. Palipochanwa mzee alikunja uso, na pale kila mtu aliona pamechanwa na nani. Kwingine kote hakutikisika.

Kisha Dada Taulo akaenda kwenye kiti cha pili, akalivuta shuka, akalikunja pande nne, akaliweka rafuni.

"Nani anayefuata?"

Walimtazama mzee. Mzee alikuwa amefunika uso kwa taulo ya moto na hakuiondoa, hata ilipokuwa haifuki tena. Mwishowe akainuka yule aliyekohoa, akaenda kukaa kwenye kiti cha pili, taratibu, kama anakaa juu ya mayai.

Fundi alikuwa mlangoni. Dada Taulo alikuja kumwaga maji machafu nje, akamkuta.

"Uliniambia nishuke," alisema fundi.

"Nilikwambia."

"Na wale wengine?"

"Wale hawakuhitaji msaada. Wewe ungepita." Alilimwaga beseni kwenye mtaro. "Ungekaa kwenye kile kiti mpaka uzeeke, na mimi ningekuchemshia taulo."

"Kiti sikukitaka. Ungeniambia unakitaka wewe. Ningemkata makusudi."

Dada Taulo alimtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo kama anavyotazamwa mtu, na kwa kitambo fundi akadhani mambo yatarekebishika.

"Usingeweza," alisema. "Nilikuona ulivyoitengeneza ile saa. Mkono wako haujui kukosea, mpaka udanganywe."

"Basi kiti umekipata. Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Mimi na wewe."

"Aliyemtoa baba damu harudi," alisema Dada Taulo. "Ndiyo sheria."

"Sheria za mzee si umezivunja zote leo, mbele ya watu?"

"Moja nimeivunja. Hii nimeiacha." Akaligeuza beseni, akalikung'uta tone la mwisho. "Mashine utaniachia. Inafunga vizuri."

Akaingia. Ndani, mteja wa kiti cha pili alikuwa anauliza kama wembe ni mpya, na sauti ya Dada Taulo ikamjibu kwamba ni mpya, na shingo yake ndiyo ya zamani. Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko cha kawaida cha dukani, cha siku zote.

Kiatu alitoka akajinyoosha. "Usijali, Fundi. Dereva wa lori alitoka hapa mikono mitupu. Wewe angalau umetoka na taulo."

Fundi akajitazama. Ni kweli, alikuwa bado ameishika, ile ya kufutia damu. Akarudi mpaka kizingitini, akasimama, hajui kama marehemu anaruhusiwa kuvuka.

"Taulo yenu," alisema.

Dada Taulo alikuwa ameinamia koo la mtu na hakugeuka.

"Weka kwenye ndoo," alisema.

Akaiweka.