Kitufe Chini ya Usukani

Jumapili asubuhi, wanaume wa Chazelle, kijiji cha Ufaransa, wasiokwenda kanisani hukutana mbele ya baa ya Régine na baiskeli zao. Wanakunywa kahawa wamesimama, wanachokozana kidogo, kisha wanaondoka. Wakishapita makaburi wanaiaga lami. Kuanzia hapo ni njia ya reli ya zamani, iliyong'olewa vyuma ikamwagwa changarawe, halafu njia za msituni zilizofungwa minyororo magari yasipite, halafu vichochoro vya mashamba katikati ya ng'ombe weupe. Unaweza kuendesha mpaka saa ya chakula bila kusikia honi hata moja.

Ghislain Perrodin, aliyekuwa mwokaji mikate wa kijiji, na Norbert Lacaille, aliyekuwa mchuuzi wa ng'ombe, walikuwa wakipita njia hizo tangu enzi za matope, kabla ya ofisi ya utalii kuziwekea vibao. Norbert ndiye aliyekuwa na miguu. Kwenye kila mlima alitangulia, na kila alipotangulia alipiga kelele bila kugeuka: "Mwokaji! Mbona umekwama? Hamira imekwisha?" Ghislain alihema nyuma huku akicheka. Mambo yalikuwa hivyo miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyeona ubaya.

Kisha Ghislain akaugua mapafu. Alilala hospitali sehemu kubwa ya majira ya baridi, akatoka amekonda, suruali zinamvuka. Alipojaribu tena kupanda Mlima wa Nyuki alishuka katikati, akasukuma baiskeli kwa mkono. Watalii wawili, mama na binti yake, wakampita wanapiga soga. Binti akamwambia, "Pole, babu." Neno hilo lilimkaa kama mwiba.

Hakumwambia mtu. Alikwenda mjini Dijon, akarudi na baiskeli mpya nyeusi, ya fremu nyembamba, nzuri kuitazama. Ndani ya fremu mlikuwa na betri, mahali pa pedali palikuwa na mota ndogo isiyotoa sauti kuzidi upepo, na chini ya utepe wa usukani kulikuwa na kitufe ambacho kidole kingeweza kukibonyeza bila mtu kuona.

Alikusudia kuitumia mpaka apate nguvu, basi. Lakini Jumapili ya kwanza, kwenye mlima uleule, alibonyeza kitufe akaona mgongo wa Norbert unasogea karibu, karibu zaidi, kisha hauko mbele tena. Kileleni wenzao walimpigia makofi.

"Hospitali wamekupa nini, bwana?" Norbert aliuliza, jasho linamchuruzika puani. "Nami nikalazwe!"

Hapo ndipo angeweza kusema. Wangecheka, wangemtania mwezi mzima, yangeisha. Badala yake Ghislain alijibu, "Nimeacha siagi."

Armelle, mke wake, aliigundua chaja kule chini ghalani, nyuma ya viazi. Alipanda nayo jikoni, akaiweka mezani kati ya sahani.

"Hii ni ya nini?"

Ghislain akaeleza. Armelle hakucheka.

"Norbert anajua?"

"Nitamwambia."

"Mwambie Jumapili hii."

"Nitamwambia, Armelle."

Jumapili ikaja ikapita, na nyingine, mpaka mwaka ukageuka. Kadiri alivyochelewa ndivyo neno lenyewe lilivyozidi kuwa zito.

Wakati huo Norbert alikuwa akibadilika. Kwanza aliacha divai. Kisha akaacha soseji, yeye Norbert, ambaye watu walisema damu yake nusu ni mafuta ya nguruwe. Alianza kuendesha peke yake siku za kazi, kwenye mvua, anarudi uso umemparara. Aliacha kupiga kelele mlimani. Siku moja, walipokaa kwenye benchi la kituo cha reli cha zamani wakila mkate na jibini, alisema huku akitazama magoti yake:

"Nimekwenda kwa daktari. Kanipima moyo, kanipima damu. Anasema sina kitu."

"Si habari njema hiyo?"

"Habari njema gani? Kama ningekuwa na ugonjwa ningejua ni ugonjwa. Sasa ni mimi tu. Nimekwisha, Ghislain. Wewe umetoka kitandani nusu maiti na unaniacha kama nimefungwa kwenye mti."

Ghislain alihisi uso ukiwaka hadi masikioni. Alifungua kinywa, na kilichotoka ni, "Utapata nguvu tu." Alijichukia kabla hajamaliza sentensi.

Mwishoni mwa Oktoba walitoka wawili tu, wengine wamekwenda kuwinda nguruwe mwitu. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi, na mbingu ilikuwa imeshuka juu ya miti. Waliingia ndani kabisa ya msitu, upande wa bonde ambako simu hazishiki. Wakiteremka kuelekea kijito, Norbert alikuwa mbele. Alikuwa akiendesha kwa hasira, kama mtu anayetaka kupata kwenye mteremko kile alichonyimwa mlimani. Gurudumu la mbele likapita juu ya majani yaliyolowa, likateleza, na Norbert akaenda chini pamoja na baiskeli yake hadi kwenye mawe ya kijito.

Ghislain alimkuta amekaa majini ameshika mguu. Kifundo kilikuwa kimeanza kuvimba juu ya kiatu.

"Umevunjika?"

"Sijui. Usinishike. Nimesema usinishike!"

Walijaribu kusimama. Mguu haukukubali kukanyaga, sembuse kusukuma pedali mlimani. Mvua ilianza tena, na Norbert akaanza kutetemeka. Hakuna gari ambalo lingefika pale, hata la zimamoto, bila mtu kwenda kwanza kutafuta mwenye ufunguo wa mnyororo. Na njia ya kurudi ilikuwa mlima mtupu.

"Nenda wewe ukaite watu," Norbert alisema. "Una miguu ya kijana."

Ghislain aliitazama midomo ya mwenzake ilivyogeuka buluu. Kumwacha pale katika hali ile hakukuwezekana.

"Panda yangu," alisema.

"Nipande yako ina nini? Ina mabawa?"

"Ina mota."

Kijito kilikuwa kikipiga kelele. Norbert akamwomba arudie, naye akarudia, na safari hii akauchukua mkono wa rafiki yake, akauweka juu ya usukani, penye kitufe.

"Kibonyeze. Uning'inize mguu mbovu, ukanyage kwa mmoja tu. Itakupandisha."

Norbert hakubonyeza. Aliondoa mkono wake taratibu.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipotoka hospitali."

"Milima yote?"

"Yote."

Ghislain alisubiri tusi. Norbert alikuwa mtu wa matusi, alikuwa nayo ya sokoni ambayo yangemfanya fahali ainamishe kichwa. Lakini hakutukana. Aliokota baiskeli yake mwenyewe kutoka majini, akaiegemea kama mkongojo, akaanza kupanda mlima akirukaruka kwa mguu mmoja. Ghislain alimfuata nyuma akisukuma ile baiskeli nyeusi, nzito kama jiwe bila mota kuwashwa. Kila baada ya hatua chache Norbert alisimama akaguna kwa maumivu, na Ghislain naye alisimama, bila kuthubutu kusogea.

Kwenye kona ya kwanza Norbert aliangukia magoti. Ndipo aliponyoosha mkono bila kutazama. Ghislain akampa baiskeli, akamshikilia mpaka akakaa, na mota ikamchukua polepole kati ya miti hadi akapotea.

Ghislain aliipanda baiskeli ya Norbert. Hakufika hata kwenye kona ya pili. Aliteremka akaisukuma njia nzima, na mvua ikampa nafasi ya kulia asionekane na mtu.

Jumapili iliyofuata alikwenda kwa Régine akijua wote wamekwishasikia. Wote walisimama.

"Huyo hapo! Shujaa wetu!" Régine alisema. "Kampa Norbert baiskeli yake, akasukuma ya Norbert kwenye mvua yote ile!"

Norbert hakuwepo, alikuwa nyumbani na mguu juu ya mto wa kitanda. Na hakuwa amesema lolote kuhusu mota. Ghislain aliona afadhali angepigwa kofi mbele yao. Aliikamata kaunta, akawaeleza yote, tangu Dijon mpaka kijitoni. Alipomaliza mmoja akacheka, wakacheka wote, wakamwita Bwana Umeme, jina alilonalo hadi leo. Kicheko chao hakikumpunguzia kitu.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Norbert. Mlango ulifunguliwa na Odile, mke wa Norbert.

"Shemeji, nimekuja kuomba radhi."

Odile hakumwambia apite. "Alikuwa akiamka alfajiri anajitazama mapaja kwenye kioo," alisema. "Mimi nikamwambia ni uzee, aukubali. Umenifanya nimwambie hivyo mume wangu."

Norbert alitokea nyuma ya mkewe kwa magongo.

"Nimewaambia wote," Ghislain alisema. "Kule baa."

"Sikukutuma."

"Najua."

Norbert alitazama bustani yake, vitunguu vyake virefu vilivyolazwa na mvua. "Siwezi kukwambia si kitu, maana ni kitu. Mwaka mzima, Ghislain. Mimi nilikuwa nafurahi kuwa umepona, unajua? Naumia huku nafurahi." Alirekebisha magongo kwapani. "Mguu ukipona nitatoka Jumapili. Ukitaka kuja, njoo. Njia si ya baba yangu."

Kisha akafunga mlango, bila kuubamiza. Ghislain alisimama pale kizingitini hadi mbwa wa jirani alipoanza kumbwekea, akageuka kwenda nyumbani.