Sauti Iliyokatwa Mkia

Mama mdogo alikuwa mtangazaji enzi zile redio ilipokaa sebuleni na kufunikwa kitambaa kama kitu cha heshima. Alipostaafu, binti wa marehemu dada yake aliajiriwa kituo hichohicho, ila si studioni. Yeye alikuwa mhandisi wa kompyuta, na kazi yake ilikuwa kuhamishia sauti za mikanda ya zamani kwenye kompyuta kabla mikanda haijaoza.

Alipouona mkanda wa kipindi ambamo mama mdogo alimhoji dada yake, alipiga simu palepale.

"Mama mdogo, nimempata mama."

"Nakuja. Usiuguse."

Hata angetaka, asingethubutu. Mkanda ulikuwa unapukutika. Ungechezwa mara moja tu, basi. Na kompyuta mpya ilikuwa inaharibu kila sauti: kila kipande kilianza na makelele na kuishia kimekatwa mkia. Kadi ya sauti, kifaa kinachopokea sauti ya mkanda, ilikuwa nzima, kwani kwenye kompyuta ya zamani, iliyokwisha kufa, ilifanya kazi bila shida. Mshukiwa aliyebaki ni draiva, programu ndogo iliyomo ndani ya kiini cha mfumo, inayoiunganisha kadi na kompyuta.

"Kwa hiyo dereva ndiye mkosaji?" mama mdogo aliuliza alipofika na kuelezwa, bado anahema kwa ngazi.

"Draiva, mama mdogo. Ila umepatia: anashusha abiria kituo sicho. Hebu nisomee namba hapa tupime."

Mama mdogo akaivuta maikrofoni, akanyoosha mgongo. "Moja. Mbili. Tatu." Sauti ilitoka pana na tulivu, ileile iliyokuwa ikiwaamsha watu wajiandae kwenda kazini. Mafundi wa chumba cha pili wakachungulia mlangoni. Mhandisi alijikuta ni mtoto tena, amevaa soksi mguu mmoja, mama yake akimwambia, "Fanya haraka, mama mdogo wako ameshasema saa moja!"

Akajirudisha kwenye kazi. Alilinganisha alichopokea na alichotarajia: makelele ya mwanzo yalikuwa na urefu sawasawa na mkia uliopotea. Basi hakuna kilichoharibika. Dirisha tu, yaani sehemu ya kumbukumbu ambayo draiva huifungulia programu isome sauti, ndilo lililofunguliwa mahali pasipo pake. Kumbukumbu ya kompyuta hugawanywa kwa kurasa, na draiva ilidhani sauti huanzia siku zote mwanzoni mwa ukurasa. Kwenye mashine ya zamani ilikuwa hivyo. Kwenye hii mpya sauti ilianzia katikati, draiva ikaendelea kuonyesha ukurasa tangu juu, pamoja na takataka zilizotangulia.

Akasogeza mwanzo wa dirisha, akawasha upya. Programu ya kurekodi ikajifunga papo hapo.

"Umeiua?"

"Imezimia tu." Alikuwa amesogeza mwanzo akasahau kurefusha dirisha, programu ikasoma nje ya mpaka. Akarekebisha. Safari hii namba zilitoka zote, zimenyooka, na pumzi ya mama mdogo katikati yake.

Akampa tena maikrofoni, wakapima mara kadhaa, mpaka mama mdogo akasema, "Mwanangu, unaogopa sasa. Weka."

Akauweka mkanda.

Kwanza mchakaro. Kisha mama mdogo, kijana, akimkaribisha mgeni wake kwa madaha. Halafu sauti nyingine, nyembamba, yenye haraka: "Eti, nishaanza kusikika? Mbona hujaniambia, wewe!" Na kicheko.

Mhandisi hakuitambua. Miaka yote alikuwa amemhifadhi mama yake kwa sauti nzito ya ugonjwa wake wa mwisho. Huyu alikuwa msichana, mdogo kuliko yeye mwenyewe alivyo sasa, aliyekuwa akibishana na dada yake mbele ya nchi nzima.

"Alikuwa hivi?"

"Hivi hivi," mama mdogo alisema, akifuta macho na kucheka kwa pamoja. "Msumbufu! Sikiliza, hapo mbele anaanza kuwasalimia majirani mmoja mmoja."

Wakasogeza viti karibu na spika, wakasikiliza.