Rali Iliyokataa Kurefuka

Hakiman alitandaza kitambaa chekundu mkekani, akakipima kwa mkono. Mraba ukishashonwa ulitakiwa ubaki shubiri moja, hivyo alikata shubiri na kidole kimoja, kwa kuwa mshono humeza nusu kidole kila upande. Miraba ya kupasuliwa pembetatu aliiongezea vidole viwili kasoro kidogo. Kwa miraba tisa kwa sita, kitanda cha kamba kingefunikwa chote.

Ilikuwa rali, blanketi la viraka, ya harusi ya bintiye Rabel, aliyekuwa hajatimiza miaka kumi na mitatu. Sobho, ndugu wa mume wa Hakiman, alikuwa amempiga mtu koleo wakigombania maji ya mfereji, na mtu yule akafa. Wazee wakaamua Rabel aolewe na kaka wa marehemu, yaishe. Sobho alishukuru, akarudi kwenye pamba yake.

Rali ilipokamilika kuungwa ilitandikwa. Ilianzia kwenye mto wa kulalia, ikaishia katikati ya kitanda.

Mama mkwe wake, Satbai, alipitisha vidole mishononi. "Mshono hauna kosa. Labda umepima kwa mkono wa njaa."

Hakiman alifumua yote, akakata upya kwa shubiri ya mumewe Misri, mwenye kiganja kama sinia. Ikatoka vilevile. Akaongeza safu mbili. Ziliingia mshononi na hazikuonekana tena. Kitambaa kilichobaki alimshonea jirani kwa vipimo vilevile, na rali ya jirani ikafunika kitanda hadi ikaning'inia.

Mwishowe alimwita Rabel, akamlaza, akamfunika nayo. Ilimfika kuanzia kidevuni hadi kwenye vidole vya miguu, sawasawa.

"Imempima mwenyewe," Satbai alisema. "Hii ni rali ya mtoto."

"Ina joto," Rabel alisema, akasinzia.

Misri aliporudi kutoka shambani aliitazama akiwa bado amesimama mlangoni. "Weka pindo."

"Nimeweka. Limemezwa."

"Weka jingine, mama Rabel. Tukivunja maneno ya wazee watamuua Sobho, halafu watanifuata mimi. Unataka nifanye nini?"

"Sobho ndiye aliyeua. Mwanangu alishika koleo?"

Misri alikaa chini, akaanza kuyachuna matope miguuni, akayachuna hata yalipokwisha.

Kesho yake Hakiman alijitanda shuka, akaikunja rali, akaenda barazani kwa wazee, mahali ambapo wanawake hawaendi. Aliikunjua miguuni pa mkubwa wao.

"Nimeikata ya mtu mzima," alisema. "Kila nikishona inarudi hapa. Pimeni wenyewe, baba zangu."

Mzee aliinama, akaipima kwa shubiri zake, akahesabu miraba, akahesabu safu. Alikuwa mtu makini.

"Ni kweli," alisema. "Ni rali ya mtoto."

"Basi?"

"Basi nini, binti yangu? Ndoa ni Ijumaa. Tumekwisha kula kiapo."

"Na hii?"

"Umeishona vizuri. Mpe aende nayo." Wenzake wakaitikia kwa kichwa. Mmoja alimsaidia kuikunja.

Usiku wa kuamkia Ijumaa alijaribu tena. Alikata miraba ya dhiraa nzima, mikubwa kama mapazia, akashona huku akiomba kwa sauti mpaka ikamkauka. Kulipokucha rali ilikuwa ileile, na vidole vyake vilivuja damu. Wanawake wa upande wa pili walipohesabu vyombo vya bibi harusi waliiona, wakaisifu rangi, wakaiweka kwenye sanduku. Rabel aliuliza kama angeweza kukaa karibu na sanduku njiani. Walimkubalia.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokwisha, mpwa wa mume wa Rabel alipita na habari: Rabel amejifungua msichana, wote wazima.

Hakiman aliinuka kwenda kutafuta vitambaa.

"Usijisumbue, shangazi," kijana alisema. "Wamesema usishone kitu. Wanalala kwenye rali ileile, mama na mtoto. Inawatosha wote wawili."

Kisha akaomba maji ya kunywa, naye Hakiman akamletea.