Shahidi Upawa na Mbavu za Jemadari

Waheshimiwa wa Bweni la Kaskazini, usiku wa jana niliota nimeteuliwa Jaji Mkuu wa Mahakama ya Mbavu. Joho langu lilikuwa blanketi la shule, lile lenye doa la uji.

Nimeketi bwaloni. Mbele yangu, juu ya mizani, kakaa Jemadari, paka wetu. Daktari wa mifugo alisema amenenepa mno, magoti yanamuuma. Apewe kijiko kimoja cha dagaa asubuhi na kimoja jioni, tena akimbizwe. Matroni, Mama Tusekile, alinikabidhi mimi kazi hiyo. Asipopungua kufikia Jumamosi, anahamishwa shule.

"Paka mwenye afya," inasema mizani, "ukimpapasa, mbavu zinahesabika. Jaji, ita mahudhurio."

"Ubavu wa kwanza!"

Inajibu sauti ya mbali, kama ya mtu aliye kisimani: "Nipo, mheshimiwa! Tupo wote! Tumefunikwa!"

Bwalo linageuka uwanja wa mpira. Kesi inaendelea kwenye kona. Jemadari anakimbilia mpira wa soksi, anafika katikati ya uwanja, analala.

"Aletwe shahidi kijiko!" nanguruma.

Unaingia upawa wa jikoni, ule wa kupakulia maharage ya wanafunzi mia mbili.

"Wewe ni kijiko?"

"Kwa upande wa mama."

"Nani alikutumia kumpimia paka?"

Upawa unanitazama. Mizani inakohoa.

"Mheshimiwa jaji, uniwie radhi, lakini mikono yako inanuka dagaa."

Jemadari anafumbua jicho moja. "Nilifurahia, kaka. Ila juzi panya alinipita, akasimama kunijulia hali."

Sheria ni sheria. Nikahukumu: mkosaji avishwe upawa shingoni mpaka aseme kweli.

Kengele ya asubuhi ikanigutusha. Jemadari alikuwa kifuani pangu, mzito kama gunia la mchele, anakoroma. Shingoni nilikuwa na kamba ya kiatu, na kwenye kamba unaning'inia upawa.

Mama Tusekile alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, matroni."

"Marahaba, Ambakisye. Jikoni wanautafuta huo tangu alfajiri."

"Hesabu sikuzidisha, Mama. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Ila kijiko chenyewe ndicho hiki." Nikauinua upawa. "Nilipenda anavyonifuata. Kosa ni langu, Mama. Usimhamishe."

Alinitazama, akampapasa Jemadari ubavuni, akatafuta, akatafuta tena. Kisha akaufungua upawa, na kwenye kamba ileile akanifungia kijiko cha chai.