Mnazi Ulioambiwa Naenda Kisimani

Hebu niambie, mjukuu wangu: mnazi ukikuuliza ulikuwa wapi siku zote hizi, utaujibu nini?

Usiku wa kuamkia leo nimelala zangu hapa Dodoma, kwa baba yako Faki. Nikageuka ubavu, nikajikuta Ukule, kisiwa nilichozaliwa, siku mbili kwa meli kutoka bandari yoyote. Huko ni mchana, jua kali. Nimo ndani ya tanuri la mbata, lile banda la kukaushia nazi kwa moshi, mkononi nina ndoo ya bati, tupu.

Nilijua nimeitiwa nini. Wiki nzima watu wa Ukule wanampigia Faki simu. Wanajenga zahanati, na mnazi wangu uko katikati ya kiwanja. Kwetu mtoto akizaliwa, kitovu chake huzikwa, na juu yake hupandwa mnazi. Haukatwi mpaka mwenyewe aseme. Nami sijasema ndiyo wala hapana.

Basi kumbe ni kikao, na mwenyekiti wake ni tanuri lenyewe. Likakohoa moshi, likasoma historia.

"Kwanza walikuja watu wanane na kuku mmoja. Wakapanda minazi. Ikaja kampuni, ikanijenga mimi. Watu wakakausha mbata mpaka nguo zao za Idi zikanuka moshi. Kampuni ikaondoka, ikasahau kofia. Ikaja shule, chumba kimoja. Halafu akaja huyu."

Huyu ni mnara wa simu, umejikunja upate kuenea mlangoni.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba. Kaa chini, unatuzibia mwanga."

Mimi sikuwa nasikiliza vizuri. Nilisikia harufu ile ya moshi na mafuta ya nazi, nikamwona mama yangu amepiga magoti, anapanga nazi zilizopasuliwa, nyama juu, moja moja, kama analaza watoto.

Mara mnazi wangu ukaingia, umeinua mizizi kama mtu anayevuka dimbwi.

"Mize," ukasema. "Maji yako wapi?"

Nikainamisha kichwa. Kwetu anayehama huuaga mnazi wake kwanza, akautajia aendako. Asubuhi niliyochukuliwa na mume wangu, miaka hamsini na mbili sasa, niliogopa nitalia wakwe wakiniona. Nikapita mbio na ndoo, nikauambia, "Naenda kisimani, narudi sasa hivi."

"Foleni ilikuwa ndefu," nikasema.

"Ndivyo nilivyodhani," ukajibu mnazi. "Nikawaambia wenzangu, kisima cha siku hizi kina watu."

Tanuri likafunua daftari la kanuni. "Aliyekwenda kisimani hajahama. Na mnazi unaomngoja mtu wa kisimani haukatwi, hauzai, hauangushi hata kuti."

Nikatazama juu. Kweli, makuti ya miaka hamsini na mbili yote yalikuwa yamening'inia, na mnazi umepinda mgongo kama mchukuzi.

"Hukuchoka?"

"Nimechoka, mwanangu. Na zahanati naitaka. Mjukuu wa dada yako alizaliwa chini yangu, mvua inanyesha, mkunga ameshika shina langu kwa mkono mmoja asiteleze. Wanikate tu. Ila siwezi kukatwa huku nangoja mtu."

Nikafungua mdomo niuage. Badala ya neno yakatoka maji, mengi, yakajaza ndoo mpaka juu.

Nikaamka. Kumekucha. Ndoo yetu ya plastiki, niliyoiacha kavu uani, iko kando ya kitanda, imejaa maji. Nikachovya kidole, nikaonja: yana chumvi kwa mbali, kama ya kisima cha Ukule. Juu yake linaelea ua la mnazi, dogo kama punje ya mahindi. Hapa Dodoma!

Baba yako akabisha hodi, simu mkononi. "Mama, ni wale wa kisiwani tena. Niwaambie nini leo?"

"Waambie wakate."

Akageuka aende.

"Faki! Waambie wanisubiri kwanza. Nipeleke nyumbani, mwanangu. Nataka kuuaga mnazi wangu, na nilie watu wote wakiniona."