Kabla ya Kufumbua Macho

Mtu akipenda, hata fizikia huigeuza hirizi. Wiebke Harmsen aliigeuza, na msimcheke.

Asubuhi ile ya mwaka 1927, mjini Göttingen, alikuwa kwenye mtihani wa mdomo wa udaktari. Profesa mmoja mnene akamtupia swali: "Haya, Bi Harmsen. Kabla hatujapima, elektroni iko wapi?"

"Hatuna haki ya kusema iko mahali fulani, Profesa. Tuna wimbi tu. Chukua ukubwa wa wimbi mahali hapo, uuzidishe kwa wenyewe, utapata uwezekano wa kuikuta hapo."

"Na elektroni yenyewe, inajua iliko?"

"Hakuna cha kujua, Profesa. Jambo lenyewe bado halijaamuliwa."

Akafaulu. Lakini moyo haukuwa pale, ulikuwa kwa Ansgar, mchumba wake aliyekwenda Copenhagen kufanya utafiti. Alikuwa ameahidi: siku utakayokuwa daktari, nitakusubiri kwenye chemchemi ya uwanja wa mji. Tangu Machi hakuandika hata mstari. Wiebke alimpelekea tarehe ya mtihani mara tatu. Lo, jinsi alivyomtamani! Hata kile kikohozi chake cha asubuhi alikitamani.

Nje wenzake walikuwa na mkokoteni wenye maua, maana daktari mpya lazima asukumwe hadi kwenye chemchemi akambusu msichana wa shaba mwenye mabata bukini, sanamu iliyosimama juu yake, manispaa ipige marufuku isipige.

"Panda, Daktari!" akapiga kelele Rotraud, rafiki aliyepanga naye chumba. "Mbona umefumba macho? Unaogopa faini?"

"Niache, shoga yangu. Nisipoangalia, Ansgar bado yupo na hayupo."

"Makubwa! Sasa tuna mwehu mwenye cheti."

Mkokoteni ukarukaruka juu ya mawe ya barabara. Wiebke kafumba macho vilevile, na kwa dakika kumi alikuwa na furaha kuliko miezi yote iliyopita. Waliposimama, akafumbua.

Walikuwepo wenzake tu, wakipiga makofi. Akapanda, akambusu msichana wa shaba kwenye shavu lake la baridi, akashuka akilia.

"Pole, mwaya," Rotraud alisema, akimkumbatia. "Usijilaumu kwa kufumbua macho."

"Sijilaumu kwa hilo. Nimekosea hesabu, Rotraud. Elektroni haijui iliko. Ansgar alijua. Tangu Machi alijua. Asiyejua nilikuwa mimi."